Aliyetenga Jiko na Sebule

Siku marehemu alipotuaga, kando ya kitanda chake walikuwepo mumewe, mama yake mzazi, watoto wake wawili, wifi yake aliyekuwa na mtoto mgongoni, muuguzi wa zamu, na mwenzake wa kazini tunayemwita Fundi Kimya, aliyekuja na chupa ya chai na asiondoke hadi mwisho.

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1984, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mwalimu wa chekechea, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baiskeli, akasoma shule ya msingi hapo mtaani kuanzia 1991 hadi 1997, kisha sekondari, kisha chuo cha kompyuta alikohitimu Novemba 2008, na wanaomkumbuka enzi hizo wanasema alikuwa akiifungua redio ya baba kabla baba hajamaliza kusikiliza taarifa ya habari.

Tarehe 2 Mei 2009 aliajiriwa na kampuni ya maji kuandika programu ya kutuma bili kwenye simu za wateja, na programu hiyo, kama alivyotueleza sisi tusiojua a wala be ya mambo hayo, iliazima vipande vyake kutoka maktaba mbili, yaani maghala ya maandishi ya programu, moja ya majaribio, aliyoiita jikoni, na moja ya kazi halisi, aliyoiita sebuleni, kwa sababu chakula kiharibikie jikoni, mgeni asikione, na mstari mmoja tu wa maandishi ndio ulioiambia programu iingie wapi, naye akiubadilisha kwa mkono kila asubuhi kabla bili hazijatumwa. Ofisini wakampa jina la Mama Jikoni, jina lililomchekesha sana mama yake, maana bintiye alikuwa mtu wa kuunguza hata maji.

Asubuhi ya tarehe 15 Februari 2010 alisahau kuubadilisha mstari huo, na wateja wa mji mzima, badala ya bili, wakapokea ujumbe aliokuwa akiujaribu kwa mchumba wake, usemao, "Mpenzi, umekula?" Meneja alifoka kwamba asiione sura yake tena, naye akaanza kukusanya vitu vyake huku machozi yakimtoka, lakini Fundi Kimya, ambaye hata salamu huipima, alisimama akasema, "Bosi, akiondoka huyu, na mimi nabeba kikombe changu," na wakati huo majibu ya wateja yakawa yanamiminika, "Bado, wewe je?", "Mke wangu anauliza wewe ni nani," na mzee mmoja akaandika kwamba tangu amzike mkewe hakuna aliyemuuliza hivyo, basi meneja akasoma, akavua miwani, akajifungia ofisini mwake, na habari ya kufukuzwa haikusikika tena.

Tarehe 18 Desemba mwaka huohuo alifunga ndoa na mchumba huyohuyo, wakajaliwa binti na mwana, na wifi yake hatasahau kwamba kila alipofika na kichanga kinacholia, kabla hata ya salamu marehemu alikipokea na kusema, "Lete huyo, wewe kula kwanza."

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2022, na hofu yake haikuwa kufa, bali asubuhi ambayo yeye atakuwa kitandani na mwingine atausahau ule mstari, aje aaibike kama yeye alivyoaibika, kwa hiyo alilala na kompyuta mapajani, wifi akimshikia mto, akiifundisha programu itambue yenyewe iko kwenye mashine ipi, ikiwa ni ya majaribio ibaki jikoni, ikiwa ni ya kazi iende sebuleni, bila mkono wa mtu. Aliikamilisha mwezi uliopita, Fundi Kimya akajaribu kuihadaa kila namna, kisha akasema, "Imekataa," na marehemu akacheka hadi akakohoa.

Alifariki Jumatano, tarehe 12 Juni 2024, saa kumi alasiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule aliyekuwa akimpasha mikono moto kabla ya sindano, majirani waliowalaza watoto wetu kwao, na wafanyakazi wenzake wote.

Pumzika, dada, umechoka kwa ajili yetu, lala kwa amani.

Jana asubuhi, Fundi Kimya akiwa hapa msibani anapanga viti, bili zilikwenda kwa wateja wote, kila mtu ya kwake.