Machifu Wazee wa Citoyen Bulonza

Tarehe 30 Juni 1979, Citoyen Bulonza, mwananchi mwenzetu, anaingia pensheni, baada ya miaka makumi mbili na sita katika imprimerie yetu, nyumba ya kuchapa vitabu na magazeti hapa Kadutu. Alianza kwa kupanga herufi za risasi, na alifundisha wengi kazi ile bila kutukana mutu. Halafu akapewa ukurasa wa mwisho wa kijarida chetu. Humo aliandika hadithi za mapenzi za zamani, wakati wa bami, wafalme wetu, na watu walizisoma mupaka Bunyakiri.

Wasomaji wanajua kanuni yake. Binti iko na miaka kumi na saba. Alikuwa nayo hadithi ya kwanza, iko nayo hata leo. Chifu mwenye kumupenda alianza na miaka makumi tatu, sawa na Citoyen mwenyewe. Citoyen alipoota mvi, chifu naye akaota mvi. Citoyen alipoanza kuumwa magoti, chifu akaanza kubebwa na tipoyi, kiti cha kuwekwa mabegani mwa watu. Binti hakuona kitu, alizidi tu kupenda.

Sisi wamama wa kukunja kurasa tunasoma tukikunja, ndiyo desturi ya atelier, chumba chetu cha kazi. Siku moja mukubwa wetu, Mama Emérence, akasimamisha kazi.

« Papa Bulonza, huyu muzee meno yake iko wapi? »

« Zamani ilikuwa vile, mama. Ni historia. »

« Historia ya nani? Nyanya yangu aliolewa na kijana mwenye walichunga naye ng'ombe! »

Citoyen akacheka, akachapisha vilevile.

Kisha, Januari hii, mufanyabiashara wa zahabu akatoka Kamituga, kijarida mukononi. Sisi tulizani anakuja kusifu hadithi. Kumbe anakuja kuomba Nsimire, binti wa Citoyen, mwenye miaka kumi na saba, angali kwenye masomo. Wajomba wa Nsimire walikuwa wamekwisha kuahidiwa ng'ombe, na vichwa vyao vilikuwa vinakubali.

« Papa mukwe, » yule bwana akasema mbele yetu wote, « mimi ni chifu wako kabisa. Hata goti inaniuma. »

« Papa mukwe ya nani? » Citoyen akamujibu. « Tulisoma katekisimu benchi moja! »

Citoyen akamusindikiza mupaka barabarani kwa makelele, halafu akaenda Cimpunda kugombana na wajomba, mupaka wakaacha. Mwezi uliofuata, chifu wa hadithi akafa na homa katika mustari wa pili, na binti akaenda na kijana wa kuchunga. Namba ile ya kijarida tuliikunja tukiimba.

Aksanti, Papa Bulonza, kwa kazi na kwa kicheko. Nsimire anamaliza masomo mwezi huu, anataka kuwa muuguzi, na habari ya kuolewa hajaitaja. Tunakuombea afya, na uvumilivu wa kungojea mukwe mwenye Nsimire atachagua yeye mwenyewe. Asipochagua, ungoje tu.