Chumvi ya Mzee Inchi

Kijiwe chetu ni taruma moja la reli, gogo la kukalia lililolazwa mbele ya duka la Kangethe, njia ya kwenda soko la Kibuye. Mimi Obiero ndiye mwenye birika. Kahawa yangu haina mpinzani mjini, lakini siku hizo nilikuwa sijawahi kuimaliza. Jioni king'ora cha reli kikilia, wateja wangu wote waliinuka kama walioitwa na Mungu, wakaenda kwa Mama Nabututu kunywa chang'aa, ile pombe kali, na mimi nikamwaga kilichobaki mtaroni. Mwaka ule wa sabini na mbili taruma lilikuwa na pengo. Pengo lilikuwa la Zacchaeus, fundi cherehani, tuliyemwita Mzee Inchi kwa sababu hata akikusalimu anakupima kwa macho. Macho hayo yaligeuka manjano, tumbo likajaa maji, mikono ikaanza kumtetemeka, na cherehani yake ikafunikwa gunia hapo barazani. Madaktari wakasema ini limeharibiwa na pombe. Sisi tukasema madaktari wana lao. Sasa habari zilikuwa zimefika kwamba siku hiyo anatoka hospitali, na kila mtu kijiweni alikuwa ameshajitwalia ushindi.

Wa kwanza kudai alikuwa Amolo, mstaafu wa reli, tunayemwita Spika kwa sababu akianza kusema hakuna wa kumnyamazisha.

Spika: Obiero, jaza kikombe. Leo munakunywa na mtu ameshinda kifo.

Aliyemjibu ni Ouma, dereva wa lori la mchanga. Yeye ni Bila Breki, barabarani na mdomoni.

Bila Breki: Wewe umeshinda kifo namna gani? Mgonjwa si ni Inchi?

Spika: Inchi alikuwa amelala tu. Vita ilikuwa yangu na ile sista ya wodi, Lornah. Kila asubuhi anafunga tumbo ya mzee na tepu, kama anamushonea suti.

Bila Breki: Hiyo tepu mimi najua siri yake.

Spika: Siri gani?

Bila Breki: Ziwa. Si munakumbuka vile maji ilipanda ikaingia mashamba? Mtu wa ziwa na ziwa ni kitu moja. Ziwa ikipanda, tumbo inapanda. Serikali inapima ziwa kupitia kwa Inchi. Maji usiyoyafika hujui wingi wake!

Kangethe alitoa kichwa dukani. Alikuja kutoka Murang'a zamani, anauza kwa jumla na rejareja, na jina lake kijiweni ni Jumla.

Jumla: Wee Ouma, wacha ujinga. Ziwa haina ini. Mimi nashangaa ile ya mikono. Kila siku sista anamuambia: nyoosha mikono mbele, inua viganja, shikilia hapo.

Spika: Kama polisi anasimamisha basi ya Awasi.

Jumla: Ndiyo! Hiyo ni nini?

Spika: Ni dini mpya. Nilimuuliza Apiyo, bibi ya Inchi, kama wanaimba pia. Akaniangalia vibaya.

Bila Breki: Si dini. Anamufundisha kurudisha maji kwa ziwa. Viganja inasukuma.

Nilimimina kahawa tu. Ukiwasahihisha hawa unapoteza siku nzima, na mwishowe unajikuta umekubali jambo la ajabu kuliko lile la kwanza.

Spika: Sasa sikieni. Sista alimukataza mzee chumvi. Chumvi! Samaki ngege inachemshwa na ndimu, basi, kama ya mtoto ameota meno jana. Mimi nikasema, omera, ndugu yangu, mtu wa huku ukimupatia samaki bila chumvi, anajua munapima jeneza. Na desturi yetu hairuhusu kutazama mgonjwa mikono mitupu. Kwa hivyo kila nikienda, nimeficha ngege kavu ndani ya koti, ya chumvi kabisa. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Yangu ilikuwa kavu, lakini ilikunjika. Hiyo ndiyo imemuponya!

Jumla alikiweka kikombe chini polepole.

Jumla: Wewe pia?

Spika: Mimi pia nini?

Jumla: Mimi samaki siwezi kula, inanikodolea macho. Lakini niko na duka. Nilikuwa nafunga chumvi na gazeti, naweka ndani ya soksi. Sista akiangalia mikono, iko tupu. Inchi anajiongezea mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.

Bila Breki: Kumbe!

Spika: Kumbe nini na wewe?

Bila Breki: Mimi nilipeleka supu ya mbuzi kwa chupa ya chai. Chumvi mpaka kijiko inasimama. Askari wa geti alinitakia chai njema.

Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa amedhani ni yeye peke yake. Na mimi nikakumbuka jambo lililonichoma moyo: kila baada ya hawa kwenda kumtazama, Apiyo alipita hapa akilia kwamba tumbo limepanda tena, nasi tukakaa hapahapa tukimtafuta mchawi. Spika aliwahi kusema ni chira, kwamba mzee amevunja mwiko. Jumla alimsingizia fundi cherehani mwenzake Inchi, wa kule Pap Onditi.

Spika: Lakini amepona. Si amepona? Basi swali ni ngege, soksi, ama supu.

Jumla: Soksi.

Bila Breki: Supu!

"Ni paka," sauti ikasema nyuma yetu.

Tuligeuka. Mzee Inchi alikuwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe, amekonda, suruali imekazwa kwa kamba, na macho meupe kama ya kijana. Kando yake alikuwa mwanamke mwenye gauni la kawaida, saa ndogo ya wauguzi imening'inia kifuani. Hakuna aliyehitaji kuuliza ni nani.

Bila Breki: Paka gani, mzee?

Mzee Inchi: Paka ya wodi. Yeye ndiye alikula samaki yenu. Imenona kama diwani.

Spika: Hukula ngege yangu?

Mzee Inchi: Mwanzo nilikula. Yenu yote nilikula. Tumbo ikapanda, kichwa ikachafuka. Siku moja Apiyo alikuja, sikumujua. Nilimuita mama mkwe.

Hakuna aliyecheka. Kwetu mtu hata mezani haketi na mama mkwe wake.

Mzee Inchi: Huyu sista alipata soksi ya Kangethe chini ya mto. Hakunigombeza. Mchana alileta sahani mbili hazina chumvi, moja yangu, moja yake. Akasema, mzee, tutakula pamoja mpaka ulimi wako usahau. Na alikula na mimi, kila mchana. Mtoto wa watu, hata si mgonjwa.

Spika alivua kofia. Jumla aliangalia miguu yake, soksi na yote.

Sista Lornah: Wazee wangu, sikuja kugombana. Ini likiumwa, mwili unashika chumvi, na chumvi inashika maji. Ndiyo maana ya tepu, kupima kama maji yamepanda tumboni. Na sumu ambayo ini limeshindwa kuisafisha inapanda kichwani, mikono inapigapiga kama mbawa. Ndiyo maana ya viganja.

Bila Breki: Kwa hivyo... ziwa haihusiki?

Sista Lornah: Haihusiki, Baba.

Mzee Inchi hakungoja mjadala. Alilivuta gunia, akapuliza vumbi kwenye cherehani, akaketi. Akanyoosha mikono mbele, viganja ameviinua, tukaitazama kama watu wanaosubiri matokeo ya uchaguzi. Ilitulia. Kisha akachukua uzi, akaulowesha kwa ulimi, akautia kwenye tundu la sindano mara moja tu.

Tulipiga kelele hadi wapita njia wakasimama. Bila Breki alicheza peke yake katikati ya barabara, baiskeli zikamkwepa. Jumla alimkumbatia Spika, jambo ambalo sijawahi kuliona tena. Na mimi, sisemi uongo, nililia ndani ya birika langu kwa furaha.

Sista alingoja tutulie.

Sista Lornah: Nilitaka kuona nyumbani kwa mgonjwa wangu. Mke wake akaniambia nyumbani kwake ni hapa. Sasa nina swali moja tu. Tone moja la chang'aa litamrudisha kule, na safari hiyo sijui kama nitamweza. Jioni king'ora kikilia, ninyi mnaenda kwa Mama Nabututu. Yeye atabaki na nani?

Spika akairudisha kofia kichwani. Jumla akapangusa kikombe kilichokuwa safi. Bila Breki akapata breki. Sista aliaga kwa heshima, akaenda zake, na swali akatuachia hapo barazani.

King'ora kikalia.

Nilinyanyua birika kwenda mtaroni, kwa mazoea. Kisha nikatazama nyuma. Hakuna aliyeinuka. Spika alikuwa ameshika taruma kwa mikono miwili. Bila Breki mguu ulimchezacheza, lakini makalio hayakubanduka. Cherehani ilikuwa ikiimba, na Mzee Inchi hakuinua kichwa. Alikuwa akipunguza kiuno cha suruali yake mwenyewe.

Spika: Obiero, unaenda wapi na hiyo? Mimina.

Nikamimina. Nikamimina tena. Wakabishana kama paka wa hospitali anaweza kupata ugonjwa wa ini, na nikamimina, mpaka birika likatoa tone moja na vumbi la kahawa.

"Imekwisha," nikatangaza, na sauti ilinitoka kama ya mtu aliyefunga bao.

Jumla: Basi chemsha ingine, bwana. Unangoja nini?