Joppe Hapiti Tena

Benchi letu liko mbele ya mkahawa wa Godelieve, mkabala na kanisa, pale ambapo upepo wa kwetu Flandria unakata masikio Januari nzima. Tunakaa hapo sisi wazee na kahawa na biskuti za mdalasini, tukigombana kuhusu mashindano ya baiskeli, maana kijijini kwetu hakuna habari nyingine. Asubuhi ile Remi, tunayemwita Kingaupepo, alikuja na pikipiki yake ndogo kama kawaida. Kila msimu wa baridi Joppe, kijana wetu wa mashindano, alikuwa akimpitia hapa wakafanye mazoezi: Remi anatangulia na pikipiki kumkinga upepo, Joppe anakanyaga baiskeli nyuma yake. Mwaka huu Joppe hajatokea hata siku moja.

— Yuko Hispania, akasema Odiel, yule tunayemwita Redio. Wakali wote wako juani.

— Hispania gani? nikamkatiza. Jana nimemwona dukani ananunua maziwa!

— Basi kajifungia gereji. Siku hizi wanakanyaga baiskeli iliyofungwa chini, mbele ya televisheni. Mtu anapanda milima ya kwenye kioo na soksi za nyumbani, bwana!

— Na matope je? Remi akauliza.

— Matope ya nini, mzee? Wenzako wanalala kwenye hema lenye hewa haba kama ya mlimani, damu inakuwa nzito kama supu. Kuna mmoja anafanya mazoezi na friji wazi, eti asisahau baridi ya kwetu.

— Acha uongo, Redio.

— Haki ya Mungu! Mwakani kompyuta itamkanyagia, yeye amelala.

Tukacheka mpaka Godelieve akachungulia dirishani. Remi hakucheka.

— Kwenye mashamba ya bitiruti upepo unapiga ubavuni, alisema. Nilikuwa nasogea kushoto kidogo tu, naye anajua, anajibanza palepale. Hatusemezani. Nasikia pumzi zake tu huko nyuma. Nazikosa zile pumzi, jamani.

Hapo utani ulituishia. Hilke, dada aliyehamia juu ya duka la mikate wiki ile, alikuwa amesimama karibu akipuliza kahawa yake.

— Samahani wazee wangu. Huyo Joppe si wa nyumba ile ng'ambo ya barabara, yenye mlango wa kijani?

— Ndiye huyo.

— Anajua kwamba mzee Remi anamngoja?

Redio, ambaye hata mazishini hakosi la kusema, akaanza kuvunjavunja biskuti yake. Mimi nikatazama viatu vyangu. Remi akaweka kikombe chini, akainuka, akaanza kuvuka barabara. Alipofika katikati akageuka.

— Nikimkuta nimwambieje?

Alitutazama mmoja mmoja, akingoja kweli jibu letu, sisi wenye majibu ya kila kitu.