Mwalimu Tena na Neno Lililofunga Piano

Mwalimu Tena, ambaye leo tumekuja kumsindikiza, alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1944, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Dakika hizo tumeziandika kwa sababu yeye angeziuliza. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi cherehani na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Baba yake alikuwa radhi kufumua mshono mzima kwa ajili ya tundu moja la sindano lililokwenda upande, na mama yake alizoea kusema kwamba huyu wa tatu ndiye aliyerithi ugonjwa huo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1952 hadi 1958, na sekondari hadi 1962. Katika ukumbi wa shule ya msingi palikuwa na piano kuukuu yenye vitufe kumi na kimoja visivyotoa sauti. Mwalimu wa hesabu, ambaye peke yake ndiye aliyejua kuipiga, alimfundisha baada ya masomo, akamwamuru abonyeze vitufe vilivyokufa sawasawa na vilivyo hai, kila kimoja kwa wakati wake. Alipofika chuo cha muziki mwaka 1963 na kukalia piano nzima kwa mara ya kwanza, alishtuka hata akanyanyua mikono, maana pale alipozoea kimya palitoka sauti. Alihitimu mwaka 1967 akiwa wa kwanza darasani. Hilo nalo angetaka lisomwe.

Tarehe 8 Januari 1968 aliajiriwa na shule ya muziki, akapewa chumba namba tisa, na humo alifundisha miaka thelathini na minane hadi alipostaafu. Mwanafunzi akikosea, hakugomba wala kuinua sauti. Alisema, "Tena." Mtoto akirudia na kukosea, alisema, "Tena." Wapo hapa watu wazima wenye mvi ambao hadi leo wakilisikia neno hilo sokoni hukunja vidole. Ndiko lilikotoka jina lake. Mwenyewe alijibana zaidi ya alivyowabana wao. Alikuwa na daftari la jalada la kijani, na baada ya kila onyesho aliandika tarehe, mahali, idadi ya wasikilizaji na, pembeni kabisa, idadi ya makosa aliyoyafanya.

Mkewe alikuwa mpiga taipu katika ofisi iliyopakana na chumba namba tisa. Siku moja mwaka 1970 marehemu aligonga mlango wake.

"Dada, samahani. Ukikaribia mwisho wa mstari unakimbia."

"Kaka, mimi napiga barua za bodi ya maji. Nani amekuambia ucheze?"

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 11 Desemba 1971, na bwana harusi akawapigia wageni kipande kimoja cha polepole. Daftari linasema makosa manne. Mwaka 1984, katika ukumbi wa jiji, mbele ya watu mia tatu na kumi, daftari linasema sifuri. Alirudi nyumbani kifua mbele, akamuuliza mkewe alionaje.

"Hukukosea popote," mama akasema. "Mimi nimehesabu taa za darini. Ziko arobaini na mbili."

"Una maana gani?"

"Siku ya harusi ulikosea, na nililia."

"Ulilia kwa sababu ilikuwa harusi."

"Nililia kwa sababu ulikuwa wewe."

Marehemu alinuna siku mbili. Mjadala huo uliendelea kwenye chai ya asubuhi kwa karibu miaka arobaini, na watoto wao watatu walikua nao kama wengine wanavyokua na redio. Hakuna aliyewahi kumshinda mwenzake.

Mwaka 2009 baridi yabisi ilianza kumkaza vidole. Alifanya mazoezi mara mbili ya awali, na yakatoka mabaya zaidi. Alikuwa akipiga mstari mmoja asubuhi nzima, anasimama, anaitazama mikono yake kwa hasira kana kwamba ni wanafunzi wavivu, kisha anakaa upya. Hata hivyo wanafunzi wake wa zamani walimwomba afanye onyesho la kutimiza miaka sabini na mitano, naye akakubali. Lilifanyika Jumamosi, tarehe 19 Oktoba 2019, saa kumi alasiri. Vidole vilikataa kukimbia, kwa hiyo alipiga taratibu, na pale asipofika aliacha sauti iliyotangulia ife yenyewe. Binti yake mkubwa, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, alikuwa amemsikia baba yake akipiga maisha yake yote, na hakuwa amewahi kumsikia kabla ya siku ile. Mama, pembeni yake, hakuhesabu taa.

Kilichofuata kinatuumiza hadi leo. Ukumbi mzima ulisimama ukapaza sauti: "Tena! Tena!" Walikuwa wakiomba aendelee. Lakini wengi wao walikuwa watoto wa chumba namba tisa, na yeye neno lile alilijua kwa maana moja tu. Aliinama, akafunga kifuniko cha piano na kutoka kwa mlango wa nyuma.

"Baba, walikuwa wanakusifu," binti yake alimwambia.

"Maana ya tena naijua. Nimeisema miaka thelathini na minane."

"Na makofi je?"

"Huruma."

Mwanafunzi mmoja alimletea onyesho zima alilolirekodi kwa simu. Marehemu alilisikiliza na penseli mkononi, akapata makosa ishirini na saba, kisha akazima sekunde chache kabla ya makofi. Aliletewa mara tatu, na mara zote tatu alizima palepale. Ilikuwa inatia uchungu, na tuseme ukweli, ilikuwa inaudhi. Piano ya nyumbani iligeuka meza ya magazeti na dawa. Neno lenyewe likapigwa marufuku ndani ya nyumba. Watu wakaomba chai nyingine, chai ya ziada, na mjukuu aliyeteleza akasema "nataka chai tena" alikanyagwa mguu chini ya meza. Tuliishi hivyo miaka mitatu na miezi minne.

Jumapili, tarehe 19 Februari 2023, mchana, moyo wake ukiwa umeshadhoofika, alijikongoja hadi kwenye piano, akaondoa dawa na magazeti, akapiga kile kipande cha harusi. Kidole kidogo cha kulia hakikufika popote. Binti yake alikuwa jikoni, mikono kwenye povu, akaogopa hata kuweka sahani chini. Kipande kikaisha. Mama, aliyekuwa akikunja nguo, akasema, "Tena."



"Nimekosea wapi?" marehemu akauliza.

"Umekosea kila mahali, mume wangu. Tena."

Alivuta kiti karibu. Halafu akaanza upya. Katikati akasimama, akasema mkono umechoka, atamalizia kesho. Kesho yake alilazwa hospitalini, na huko alifariki Jumatano, tarehe 8 Machi 2023, siku sita kabla ya kutimiza miaka sabini na tisa.

Katika daftari la kijani ameandika: tarehe 19 Februari, nyumbani, msikilizaji mmoja. Walikuwa wawili, lakini tumwache. Pembeni, pa idadi ya makosa, hakuandika kitu. Binti yake hajui kama alisahau, alichoka, au aliona hapana haja. Hakuwahi kumuuliza, na jambo hilo linamkera kuliko yote.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja na wanafunzi ambao yeye peke yake ndiye angejua idadi yao kamili. Mwenyezi Mungu ampumzishe pema. Sisi, kama tungeulizwa, tungesema tena.