Mwendo wa Kugombana

Fundi saa alipanda basi akitaka kusinzia tu, lakini mbele yake walikaa mawifi wawili wakigombana, na nani husinzia penye ugomvi wa mawifi?

"Juzijuzi tu moyo ulikuangusha jikoni, tukakuokota sakafuni," alisema yule mwembamba. "Leo unaenda hospitali kutembezwa kwenye mashine? Mgonjwa hulala, wifi."

"Nililala mpaka kuchana nywele kukanishinda," alijibu mnene, mpishi wa shule. "Moyo ni msuli, ukiulaza unalegea. Pale wananipima mapigo, wananitembeza, wananiongezea mwendo kidogo kidogo. Sasa sufuria naiinua mwenyewe. Sikuponea chupuchupu ili niwe pambo la kitanda."

Fundi saa alimeza kicheko. Dukani kwake, saa iliyosimama haijawahi kuitwa imepumzika.

"Na ukizidisha?"

"Muuguzi katufundisha. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa kuongea, punguza. Mwendo mzuri ni ule wa kuongea bila kuweza kuimba."

Kituo kimoja kabla ya hospitali, mpishi akasimama. "Mimi nashuka hapa, natembea."

"Wifi, utaniua kwa presha."

"Basi shuka, tugombane njiani. Utanisaidia kupima mwendo."

Mwembamba alishuka akisonya. Basi lilipoondoka, fundi saa aligeuza shingo akawaona kando ya barabara, mikono hewani, maneno yakiruka huku na huku. Hakuna aliyekuwa akiimba.