Kichupa Shingoni mwa Kemilembe

Benchi letu liko Kaisho, mbele ya kibanda ambamo Anatory anatengenezea baiskeli. Ni ubao mmoja juu ya matofali, umelainika kwa kukaliwa. Saa kumi alasiri Ildefonsi huja na jiko lake la mkaa, birika la kahawa, kahawa za kutafuna ndani ya kikapu kidogo, na kichane cha ndizi mbivu kwa mwenye njaa. Birika likiisha, kila mtu anakwenda kwake. Anatory tunamwita Spoku. Kahigi tunamwita Askofu, kwa sababu alikaa seminari miaka miwili, akarudishwa nyumbani kwa ubishi. Mbonimpa ni Redio. Anayo redio kweli, ila betri zake zilikufa zamani, na habari bado anazo kila siku. Mimi ni Polikarpi. Wao wananiita Polepole, maana neno langu huchelewa kutoka. Ninayosimulia ni ya mwaka 1988, juma lile kahawa zilipochanua na vibanja vyote, mashamba yetu ya nyumbani, vikawa vyeupe.

Siku hiyo nilikuja na kitu ndani ya leso. Nilifungua fundo juu ya benchi, wakainama wote kutazama. Kilikuwa kichupa cha kioo kisichozidi kidole cha mwisho, kina maji meupe ndani, na pembeni yake bomba la sindano ambalo halijatolewa kwenye karatasi yake.

Niliwakumbusha wanachokijua. Nyuki akimuuma mtu mwingine, anavimba kidogo na kesho amesahau. Mke wangu Costansia, Mungu ampumzishe, alikuwa akiumwa na nyuki koo linafunga. Miaka mitatu iliyopita aliumwa akipalilia kahawa katika shamba letu la mbali, kule bondeni, na dawa ilikuwa nyumbani sandukuni. Nilikimbia kuifuata nikarudi mbio, nikamkuta amekwisha kufariki. Ndivyo nilivyowasimulia watu wote, na ndivyo walivyonililia. Sasa binti yetu Kemilembe ameonekana ana damu ya mama yake. Daktari wa misheni amempa kichupa hiki na kusema kikae mwilini mwake, kisikae sandukuni. Kisivunjike, kisipigwe na jua. Maji yakigeuka rangi ya chai, dawa imekufa.

Redio aliuliza kwa nini basi sijamtengenezea kitu cha kuvaa. Nikamwambia nilitengeneza. Mshona viatu alinishonea mfuko wa ngozi ya ndama, mdogo, wenye kamba ya shingoni. Jumapili ya kwanza akina mama walianza kunong'ona. Jumapili ya pili katekista alimsimamisha mlangoni mwa kanisa akamwambia avue hirizi kwanza ndipo aingie. Msichana akavua. Tangu siku hiyo mfuko unaning'inia kwenye msumari, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu. Nilipomsihi auvae, alinijibu neno moja tu:

— Tata, nikifa na kitu kile shingoni, watanizikaje?

Pale benchini Spoku alikiinua kichupa kwenye mwanga, akakirudisha juu ya leso.

— Na kahawa zimechanua, alisema Spoku.

— Zimechanua, nikasema. Na leo asubuhi amekwenda kupalilia.

Askofu alikohoa. Sisi tukajua methali inakuja.

— Waitu, ndugu zangu, wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Dawa hii mnataka itembee na mtu. Mimi naitilia shaka.

— Kaa kimya, Askofu, alisema Spoku. Hata Yesu alitembea.

Askofu akameza kahawa. Redio akaingia hapo. Alisema amesikia kwamba Ulaya watu wa namna hii huvaa saa ya mkononi inayolia nyuki akikaribia. Spoku alimuuliza ameisikia kwa betri zipi. Redio akajibu kwamba habari nzuri haihitaji betri, kisha akapendekeza kopo la poda lifungwe kiunoni kwa mshipi. Askofu alipinga. Msichana wa watu atatembea akigongagonga kama ng'ombe mwenye kengele. Yeye alitaka msalaba wa mti, mkubwa, uliotobolewa katikati, dawa ikae ndani. Nani atauita msalaba hirizi?

— Mkubwa kiasi gani?

— Wa kutosha bomba na kichupa. Urefu wa mkono, hivi.

— Huo ni wa Ijumaa Kuu, alisema Spoku. Utahitaji na Simoni wa Kirene wa kumsaidia kuubeba.

Tulicheka, na mimi nikacheka. Mapendekezo yalizidi kupanda. Mara Kemilembe ahamie Dar es Salaam, eti huko nyuki hawapo. Mara aolewe na mganga wa zahanati, aende shambani na mumewe, mume ndiye awe mfuko. Redio alikuwa ameshaanza kumtaja mganga mwenyewe, mgane wa kutoka Nyakatuntu mwenye baiskeli mpya, Askofu alipoinua kidole.

— Jamani, tusikimbilie. Haraka haraka haina...

Hakuimalizia. Alinitazama, akashusha kidole. Wote walijua ni nani aliyewahi kukimbia. Ildefonsi aliniongezea kahawa bila kuulizwa, na hakutaka kunitazama usoni.

Spoku ni mtu wa mikono. Muda wote huo alikuwa kainama kwenye sanduku lake la vyuma. Aliinuka na pampu ya baiskeli iliyokwisha kufa. Akaikata kwa msumeno, kipande cha kama nusu shubiri, akasugua midomo yake kwa tupa hadi ikawa haikwaruzi. Chini aliziba kwa mpira wa tyubu, juu akaweka kifuniko cha mpira huohuo, kinachovutwa kwa kidole kimoja. Ndani alipanga pamba. Kichupa kiliingia. Bomba likaingia ubavuni mwake. Alikidondosha kile kipande juu ya jiwe, tukashtuka, akafungua, na kichupa kilikuwa kizima.

— Kuvunjika, hapana, alisema. Ila hii ni bati, inashika joto. Inataka nguo.

Nguo nilikuwa nayo. Ilikuwa kwenye mfuko wa koti langu, na ilikuwa imekaa humo miaka mitatu. Ni kifuko cha rozari cha Costansia, chenye kamba ya shingoni, alichokishona mwenyewe kwa kitambaa kinene cha buluu cha tabaka mbili, na usoni akatia msalaba mdogo wa uzi mweupe. Msalaba ule umeinama kidogo upande mmoja, kwa sababu alikuwa akishona huku akinicheka. Rozari tulimzika nayo mkononi. Kifuko nilibaki nacho. Kilikuwa na harufu ya moshi wa jikoni kwake, au nilifikiri bado kinayo. Siku nyingine nilipotoka misa niliingiza kidole ndani yake na kutembea hivyo hadi nyumbani.

Nilikitoa. Sikumpa Spoku mara moja. Aliponyoosha mkono alisubiri, naye si mtu wa kusubiri.

Kipande cha pampu kiliingia mle ndani kana kwamba kifuko kilishonwa kwa kazi hiyo. Askofu alikishika, akakigeuza, akasema kwa sauti ya kanisani kabisa kwamba hakuna katekista duniani atakayemvua mwanamke kifuko cha rozari. Redio alipiga makofi. Tulikuwa tumemaliza kazi. Nilimwona Kemilembe akipita katikati ya maua yale meupe na kitu cha mama yake kifuani, na moyo wangu ukatulia kwa mara ya kwanza tangu msimu ule aliofariki mama yake.

Wakati huo alikuja mtu anasukuma baiskeli yenye pancha, amefunga nyuma madebe mawili ya maziwa. Alitusalimu, akasema anaitwa Novatus, mfugaji wa kule kwenye mbuga, na amekuja kununua dawa ya ndigana, ugonjwa wa kupe, kwa ajili ya ndama wake. Wakati Spoku akitoa tairi, tulimwonyesha kazi yetu kwa fahari. Redio alimweleza yote, na akaongeza machache ambayo hayakuwepo. Novatus alifungua kifuniko, akatazama kichupa, akatazama bomba. Alikirudisha kila kitu mahali pake taratibu.

— Ni kazi nzuri, alisema. Na nani anachoma?

— Anachoma nini? aliuliza Redio.

— Sindano. Msichana akianguka kule shambani, nani kati yenu anajua kuchoma sindano?

Spoku aliliweka tairi chini, akafuta mikono.

Mimi neno langu huchelewa kutoka. Hilo lilikuwa limechelewa miaka mitatu.

— Nilifika, nikasema.

— Ulifika wapi, Polepole? aliuliza Askofu.

— Siku ile ya Costansia. Niliwaambia nilichelewa. Sikuchelewa. Nilimkuta anapumua.

Nikaendelea. Nilikuwa na kichupa mkono huu na bomba mkono huu. Hospitali nesi alimfundisha Costansia namna ya kuchoma, lakini alimfundisha yeye. Mimi nilibaki nje nikilinda baiskeli. Nilijua akiumwa atajichoma mwenyewe. Nilipofika vidole vyake vilikuwa vimevimba, havikunjiki. Nilirarua karatasi, sikujua kichupa kinafunguliwa wapi. Yeye hakuweza kusema. Alikuwa ananitazama mikono. Hakunitazama usoni, alitazama mikono yangu, anangoja. Basi nilimwekea kichupa kiganjani, nikakifunga kiganja chake, nikasali Salamu Maria hadi mwisho.

— Tangu hapo nasema ni umbali, nikasema. Umbali hauna mtu wa kulaumiwa.

Ildefonsi aliinua birika, akalitikisa. Lilikuwa tupu. Kwa kawaida hapo ndipo tunaponyanyuka. Hakuna aliyenyanyuka.

Novatus alikwenda kwenye baiskeli yake, akarudi na bomba lake la kuchomea ng'ombe, nene, la chuma na kioo. Alimwomba Ildefonsi maji safi kidogo na ndizi moja mbivu.

— Mzee wangu, mimi nachoma ng'ombe, mtu sijawahi. Kwa mtu twende kesho kwa nesi wa zahanati, wewe na binti, awafundishe wote wawili. Leo zoeza mkono tu, usitetemeke.

Alinionyesha namna ya kuvuta maji, namna ya kutoa hewa, namna ya kusukuma dole gumba bila haraka. Askofu aliishika ndizi kwa mikono yote miwili kama anashika kalisi ya misa. Mara ya kwanza sindano iliteleza pembeni. Mara ya pili niliikunja. Novatus aliinyoosha, akanirudishia.

Mara ya tatu iliingia. Nilisukuma polepole, nikahesabu, na maji yote yakabaki ndani ya ndizi.

— Hivyo, alisema Novatus. Ni hivyo tu.

Ni hivyo tu. Nilitazama mikono yangu kama alivyoitazama Costansia. Kisha nilimwomba Ildefonsi ndizi nyingine.