Aika Ephraimu Akyoo, Bingwa wa Mateke ya Chini ya Maji

Ndugu waombolezaji, wachungaji, wazee wa ukoo na majirani wa Maji ya Chai, mimi ni Abdiel Akyoo, mdogo wake marehemu anayemfuata kwa kuzaliwa, na familia imenituma nisome maisha ya dada yetu jinsi yalivyokuwa, pamoja na yale ambayo wengine wangependa niyaruke.

Dada Aika alizaliwa hapa Maji ya Chai tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Mzee Ephraimu Akyoo na Mama Elifuraha, ambaye mnamwona amekaa pale mbele, akabatizwa mwezi Juni mwaka huohuo, akasoma shule ya msingi hapahapa kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akafaulu vizuri, lakini nafasi ya sekondari hakuipata.

Mwezi Februari 1976 aliajiriwa katika shamba la kahawa la umma karibu na Tengeru, kwenye klabu ya wafanyakazi iliyoitwa Mikaratusi, kazi yake ikiwa kusafisha bwawa la kuogelea. Kazi hiyo ndiyo iliyomfundisha kuogelea, kwa maana alilazimika kuzama na kusugua sakafu kwa brashi aliyoishika kwa mikono miwili, hivyo hakubakiwa na kitu cha kumsukuma isipokuwa miguu, akajifunza kuibana pamoja na kuurusha mwili mzima kama samaki, na baada ya miaka michache akawa anatoka ukuta mmoja hadi mwingine, mita ishirini na tano, bila kuinua kichwa.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na shemeji yetu Mikaeli Urio, fundi wa magari kutoka Kibosho, wakajaliwa watoto wawili, Ndesanjo mwaka 1981 na Anjela mwaka 1984.

Mwaka 1994 shamba liliuzwa kwa watu binafsi pamoja na klabu yake, wafanyakazi wakapunguzwa, na dada akarudishwa kama kibarua kwenye bwawa lilelile alilolihudumia miaka kumi na minane. Wanachama wapya walikuwa watu wa magari na simu za mkononi, wakaanzisha mashindano ya watu wazima waliotimiza miaka ishirini na mitano, na mwaka 1997, palipokosekana mtu wa kujaza mstari wa sita, mmoja wao akasema kwa utani, "Mwiteni mfagiaji." Mfagiaji akaingia, akashinda mita hamsini za mtindo wa kipepeo.

Tangu siku hiyo walimtumia, na neno hilo nimelichagua. Alizoea kuwaambia, "Goti ni la kusalia kanisani, majini teke linaanzia kifuani, linapita kiunoni, miguu inamalizia." Aliwafundisha kunyoosha mikono mbele, kuficha kichwa katikati ya mabega, kupiga teke la kupanda kwa nguvu ileile ya teke la kushuka, na kuibuka kabla ya mita kumi na tano, kwa sababu sheria haimruhusu mtu kukaa chini ya maji zaidi ya hapo. Alama ya mita kumi na tano kwenye lile bwawa aliipaka rangi yeye mwenyewe.

Mwaka 2001 wanachama walichanga wakaagiza kutoka Nairobi nguo nne za mashindano, zile zinazofunika mwili kuanzia shingoni hadi vifundoni na kubana hadi maji yateleze juu yake, kwa ajili ya wanawake wanne wenye kasi kuliko wote, na wa kwanza kwenye orodha hiyo alikuwa dada. Nguo zilipofika, ya kwake ilikuwa imevaliwa na mke wa Mwenyekiti wa klabu, ambaye kwenye orodha alikuwa wa saba. Jina la Mwenyekiti sitalitaja, halistahili kukaa karatasi moja na la dada yangu. Dada akapewa nguo kuukuu iliyoachwa na mgeni mmoja, ndogo kwake, imechoka mgongoni, na alipolalamika akaambiwa, "Jibane tu, Aika, hii inavutika."

Tarehe 11 Agosti 2001, siku ya Jumamosi, mashindano yalipofanyika pale klabuni, mimi nilikuwepo. Wanawake watatu walitumia nusu saa kumvalisha. Alitangulia tangu mwanzo, akageuka ukutani, na alipokuwa chini ya maji akipiga mateke, mshono ukapasuka kutoka begani hadi chini ya kiuno, lakini hakusimama, akamaliza wa kwanza, akabaki ameshika ukuta kwa sababu hakuweza kutoka. Watu wazima, wazazi, wengine wazee wa kanisa, walicheka, na Mwenyekiti akashika kipaza sauti akasema, "Mfagiaji wetu leo ametuonyesha mgongo." Wenye mataulo walikuwa wengi, na hakuna aliyenyoosha mkono. Mimi nilikuwa upande wa pili nyuma ya uzio, nikizunguka kutafuta mlango, na kabla sijafika mwanamke mmoja nisiyemjua, mwenye baibui, asiyejua kuogelea, aliteremka ngazi za bwawa na nguo zake zote, akamfunga dada khanga mbili, akamwambia, "Twende, mwenzangu, hawa si watu." Huyo ni Bi Kauthar, mfanyabiashara wa vitambaa wa Daraja Mbili, aliyekuwa ameleta mapazia ya ukumbi siku hiyo, na leo amekaa pamoja na wafiwa kwa sababu ni mfiwa.

Jioni hiyo waamuzi walitangaza kwamba ushindi wa dada umefutwa, eti alipita mita kumi na tano chini ya maji, alama aliyoipaka mwenyewe, na medali akavishwa mke wa Mwenyekiti. Nimekula chakula kibovu maishani mwangu, ndugu zangu, nimesafisha mazizi, lakini uchafu kama wa siku ile sijauona.

Dada hakurudi tena Mikaratusi. Bi Kauthar alimfuata nyumbani akamwambia, "Dada Aika, nifundishe, mimi nikiingia majini nazama kama jiwe, na nguo nitashona mwenyewe." Akashona kwa kitambaa cha kuvutika, ya mwili mzima, kila mshono akiupitisha mara mbili, na kwenye bwawa la kumwagilia mboga la jirani yetu Mama Skolastika wakakusanyika wanawake kumi na mmoja, Waislamu na Wakristo, baadhi yao bibi wenye wajukuu, wakijifunza kupiga teke kutoka kifuani.

Tarehe 12 Oktoba 2002, kwenye mashindano ya watu wazima mjini Moshi, dada akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano alipanda jukwaani na nguo ya Bi Kauthar. Mwenyekiti akaweka pingamizi kwamba nguo ile haina nembo ya kiwanda, mwamuzi mkuu akaishika, akaivuta, akasema, "Mzee, nguo imemstiri, na sheria haiulizi zaidi, mwache mama aogelee." Akaogelea, akaibuka kabla ya alama mbele ya waamuzi wanne, akashinda kwa urefu wa mwili mzima. Medali hiyo ameivaa ndani ya jeneza.

Mwezi Machi 2003 alianza kuumwa ini, akatibiwa Arusha na baadaye Moshi, akakonda, na akiwa kitandani tukaletewa tangazo la klabu la kuwavutia watalii, lenye picha ya dada chini ya maji, na chini yake maneno yaliyosema mwalimu wa mbinu hiyo ni mke wa Mwenyekiti. Dada aliliangalia, akalirudisha kwa Anjela, akasema, "Hata mguu wangu wameuiba." Alifariki Alhamisi tarehe 17 Juni 2004, saa nne asubuhi, mume wake akiwa amemshika mkono.

Jana mchana Mwenyekiti alikuja hapa, akanywa chai yetu, akaniambia, "Mdogo wangu, msibani hatufukui makaburi, habari ya ile nguo iache." Nikamjibu, "Shikamoo mzee, nitaisoma yote."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani waliotuletea kuni, maji na ndizi tangu Alhamisi, vibarua wenzake wa zamani wa bwawani waliochimba kaburi, na wale wanawake kumi na mmoja, ambao ndio watakaobeba jeneza. Salamu za klabu hazitasomwa, na shada lao tumeliweka nje ya geti, watalikuta wakiondoka.

Dada Aika, upumzike kwa amani ambayo hawa hawakukupa.